Historia ya Utumwa wa Pwani: Ni Nani Amesimulia, na Tuisome Vipi?

Utangulizi

Methali "mwacha mila ni mtumwa" hutajwa karibu katika kila darasa la Kiswahili. Mwanafunzi huieleza upesi: anayetupa desturi za kwao hana tofauti na mtumwa. Ni mara chache darasa husita na kuuliza: je, mtumwa mwenyewe angeisikiaje methali hii? Yeye hakuacha mila yake kwa hiari. Alinyang'anywa mila hiyo pamoja na jina lake, ndugu zake na lugha ya mama yake. Methali imemchukua mtu aliyedhulumiwa ikamfanya mfano wa aibu.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu na mtahiniwa kuzisoma kazi za Kiswahili zinazogusa utumwa wa pwani ya Afrika Mashariki. Tutaangalia hasa juhudi za jamii zilizotokana na watumwa kuihifadhi historia hiyo, na namna mhakiki anavyoweza kuzipima. Hoja yetu ni moja: kila ushahidi kuhusu utumwa una msemaji wake, na msemaji huyo ana jambo alilolisema na jambo alilolinyamazia. Mhakiki anayeuliza habari za yote mawili anashiriki kuulinda ukweli.

Biashara ya watumwa na utumwa

Watahiniwa wengi huchanganya mambo haya mawili. Katika karne ya 19, mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba na mashamba ya nafaka ya Malindi na Mombasa yalihitaji wafanyakazi wengi. Visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa katika Bahari ya Hindi pia vilinunua watu kutoka pwani hii. Watu walitekwa vitani, wakaibwa njiani au wakauzwa, hasa kutoka nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa, wakapelekwa pwani kwa miguu. Waliohusika walikuwa wengi: watawala wa bara waliouza mateka, wafanyabiashara wa pwani na Uarabuni waliosafirisha, matajiri wa Kihindi waliokopesha mitaji ya misafara, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe za ndovu na karafuu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Hiyo ilikuwa biashara. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Baina ya mkataba wa Barghash na sheria ya 1907 ni miaka 34, ambayo Waingereza waliotajwa kuwa wakombozi walikuwa na nguvu katika pwani hii. Mtahiniwa anayeandika kwamba utumwa uliisha mwaka 1873 amewafuta watu wote waliolima na kufa chini ya mabwana katika miaka hiyo.

Ushahidi uliomo katika msamiati

Kabla ya kufungua kitabu chochote, lugha yenyewe ina habari. Neno *mtumwa* limetokana na kitenzi *tuma*, katika kauli ya kutendwa. Katika shina lilo hilo tunapata *mtume*, mwenye heshima ya kutumwa na Mungu, na *mtumishi*. Tofauti ya heshima baina ya maneno haya matatu ni kubwa, ingawa yote yanahusu kutumwa na kutumika.

Jamii ya pwani ilikuwa na majina mengi ya daraja za utumwa. *Mjinga* aliitwa mtumwa aliyewasili karibuni, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Leo neno hilo limebaki kuwa tusi la mtu asiye na akili. *Mzalia* ni aliyezaliwa pwani na wazazi watumwa. *Mtwana* na *kijakazi* hutofautisha mwanamume na mwanamke. *Suria* ni mtumwa wa kike aliyefanywa mke wa bwana wake bila ndoa. *Mjoli* ni mtumwa mwenzako mlio chini ya bwana mmoja. *Mtoro* ni aliyekimbia.

Kinyume cha hao wote alikuwa *mwungwana*, mtu aliyezaliwa huru. Leo *uungwana* ni adabu na tabia njema. Maana hiyo ya pili imezaliwa na ile ya kwanza: aliyekuwa huru ndiye aliyehesabiwa kuwa na adabu, na mtumwa akadhaniwa kuwa hana. Mwalimu anapofundisha methali "uungwana ni vitendo", aeleze kwamba methali hiyo ilikuwa na uzito mkubwa zamani. Ilidai kwamba heshima hupimwa kwa matendo, si kwa tumbo ulilotoka.

Freretown na Rabai: jamii iliyoamua kukumbuka

Mwaka 1875 chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kilianzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Kisauni, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kijiji kiliitwa Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, aliyeongoza mazungumzo yaliyozaa mkataba wa 1873. Majahazi hayo yalikamatwa na meli za vita za Waingereza, nazo ndizo zilizotupa neno *manowari*, ambalo asili yake ni Kiingereza.

Walimu na mafundi wa mwanzo wa Freretown na Rabai walikuwa pamoja na Waafrika waliokombolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa Bombay na kusomeshwa Nasik nchini India kabla ya kurudi pwani. Mmoja wao ni William Jones, aliyeiongoza Rabai katika miaka ya 1880. Mwaka 1885 alikuwa katika msafara wa Askofu Hannington, aliyeuawa huko Busoga, na ni Jones aliyewarudisha pwani walionusurika.

Rabai ilijaa watoro. Hawa hawakuokolewa na manowari yoyote; walijiokoa wenyewe kwa miguu yao. Wengine walijenga makao yao huru, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama. Mabwana walipodai watumwa wao warudishwe, mvutano ulikuwa mkubwa. Tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo jirani walipewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fidia. Tuzingatie hapo: aliyelipwa ni bwana. Aliyefanya kazi bila ujira hakulipwa chochote. Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 1907. Sheria ya ardhi ya pwani ya mwaka 1908 nayo ilisikiliza madai ya wenye kumiliki mashamba, na wengi waliowahi kuwa watumwa wakabaki maskwota katika ardhi waliyoilima. Kwa hiyo historia hii inahusu pia nani ana kiwanja na nani hana hadi leo.

Kumbukumbu ya Freretown inaonekana wazi. Mnara wa kengele ungaliko, na mtaa wenyewe unaitwa Kengeleni. Kengele hiyo husimuliwa kuwa ilipigwa kuwatahadharisha wenyeji dhidi ya wateka watu. Abiria wa matatu anayesema "nishushe Kengeleni" anataja historia ya utumwa pengine bila kujua. Rabai nako, kanisa la zamani limefanywa makumbusho yenye jina la Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwalimu anaweza kuwauliza wanafunzi: kwa nini makumbusho yana jina la Krapf, wala si la mtoro mmoja au la William Jones?

Uhuru wa Watumwa: kitabu cha mwana wa jamii

Mwaka 1934 James Mbotela, mzaliwa wa jamii hiyo ya Freretown, alichapisha *Uhuru wa Watumwa*. Kitabu kinaeleza jinsi watu walivyotekwa bara, safari ya kuja pwani, kukamatwa kwa jahazi na manowari, na maisha mapya Freretown. Wahakiki wamebishana kuhusu utanzu wake. Wapo wanaokihesabu kuwa riwaya ya mwanzo ya Kiswahili; wengine wanakiona kuwa historia au kumbukumbu ya ukoo. Ubishi huo una faida darasani, kwa maana unawalazimu wanafunzi kueleza riwaya ni nini hasa.

Lawama kubwa dhidi ya kitabu hiki ni kwamba kinawasifu mno Waingereza na wamisionari, na kuwachora Waarabu kuwa chanzo cha uovu wote. Lawama hiyo ina msingi. Kitabu kilichapishwa London na Sheldon Press, shirika la Kikristo, wakati Kenya ni koloni. Mwandishi hakuwa na nafasi ya kuuliza kwa nini wakombozi walingoja hadi 1907, wala kwa nini fidia ilienda kwa mabwana. Aidha, maisha ya Freretown hayakuwa peponi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 usimamizi wa misheni ulilaumiwa kwa kuwachapa viboko wakazi wa kijiji.

Hata hivyo, mhakiki asiishie kwenye lawama. Katika zama ambazo kuitwa mtoto wa mtumwa kulikuwa tusi, mtu huyu aliandika kwa Kiswahili, kwa jina lake, kwamba wazee wake walitekwa na kuuzwa. Hakujitungia nasaba ya Shirazi wala ya Uarabuni, jambo lililokuwa rahisi na lenye faida. Aliandika asili yake akaitia katika kichwa cha kitabu. Tunaweza kukataa shukrani zake kwa mkoloni na bado tukaheshimu ujasiri huo.

Zingatia pia sarufi ya kichwa. *Uhuru wa Watumwa* ni uhuru unaomilikiwa na watumwa. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1956 iligeuza kichwa hicho kikawa tendo la kuwaachilia watumwa: mtenda ni mwingine, wao ni watendwa. Kihusishi kimoja kimebeba mvutano mzima wa historia hii.

Sauti nyingine katika fasihi yetu

Ili kuisikia vizuri sauti ya Mbotela, iweke karibu na sauti za wengine.

*Utendi wa Mwana Kupona*, uliotungwa Pate karibu mwaka 1858, ni wasia wa mama mwungwana kwa bintiye. Miongoni mwa mawaidha yake, mama anamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Wanafunzi hujadili sana nafasi ya mwanamke katika utendi huu, na ni vyema. Lakini katika nyumba hiyo mlikuwa na wanawake wengine ambao hawakuachiwa wasia wowote. Swali la jinsia halikamiliki bila swali la tabaka.

Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, iliandikwa kwa Kiswahili na kuchapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ni hazina ya nathari ya Kiswahili cha wakati huo. Ni simulizi ya mfanyabiashara: pembe huhesabiwa kwa frasila, deni hutajwa kwa kiasi, washirika na wapinzani hutajwa kwa majina. Waliobeba pembe hizo na waliotekwa njiani kwa kawaida hupita bila majina. Msomaji afanye zoezi la kuhesabu: ni nani anapewa jina, ni nani anapewa idadi tu?

*Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, inatupeleka Unguja kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Utumwa ulikuwa umefutwa miaka mingi, lakini mhusika anayemtumikia bwana shamba anaitwa Kijakazi, naye bwana anaitwa Mwinyi, yaani mwenye mali. Mwandishi ametumia mbinu ya majazi kuonyesha kwamba sheria ilibadilika huku mahusiano yakibaki yale yale. Utiifu wa Kijakazi huwaudhi wanafunzi wengi. Waulize: ni vizazi vingapi vilivyomfundisha kutii?

Mahali pa kumbukumbu na mipaka ya ushahidi

Jamii nyingine zimehifadhi historia kwa kutunza mahali. Huko Shimoni, Kwale, wenyeji husimamia pango ambalo husimuliwa kuwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kusafirishwa, na ada za wageni husaidia mahitaji ya kijiji. Pango hilo lina kumbukumbu nyingine pia, za maombi ya wazee na za kujificha wakati wa hatari. Masimulizi haya hayalazimiki kushindana. Anayeyakusanya ayaandike yote na ataje msemaji wa kila moja.

Huko Mkunazini, Unguja, kanisa kuu la Kianglikana lilijengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, na hilo halina ubishi. Lakini vyumba vya chini vinavyoonyeshwa wageni katika jengo la jirani vimetiliwa shaka na wanahistoria, kwa sababu jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Je, kusema hivyo ni kuwasaliti waliouzwa? La. Soko lilikuwapo, na waliouzwa hapo walikuwa maelfu. Ukweli huo hauhitaji chumba cha kuongezea uchungu, na kosa moja likigunduliwa humpa asiyetaka kuamini sababu ya kuukana ukweli wote.

Jina *Bagamoyo* ni mfano unaotufaa zaidi sisi walimu wa lugha. Wapo wanaosema ni "bwaga moyo", kilio cha mtumwa aliyekata tamaa alipoiona bahari. Wapo wanaosema ni pumziko la mpagazi aliyeutua mzigo baada ya miezi ya safari. Kisarufi, tafsiri zote mbili zinawezekana. Mwanafunzi asilazimishwe kuchagua. Aeleze kila tafsiri inamweka nani katikati ya historia, mtekwa au mpagazi.

Tusisahau pia jamii zisizokuwa na mnara wala kitabu. Wengi waliokuwa watumwa waliingia Uislamu, wakawa sehemu ya jamii ya Waswahili. Kumbukumbu zao zilibaki katika ngoma, majina na mambo yanayosemwa kwa sauti ya chini. Kama tunaijua zaidi Freretown, sababu moja ni kwamba misheni ilikuwa na shule na wachapishaji. Ukimya wa wengine usichukuliwe kuwa hawakuwa na la kusema.

Mwongozo wa darasani

Kwa mintarafu ya hayo, mhakiki afuate hatua nne anaposoma kazi yoyote inayogusa utumwa:

1. Abainishe msemaji na tabaka lake: mwungwana, mfanyabiashara, mzalia, mtoro au mtunzi wa baadaye.
2. Abainishe hadhira na mchapishaji, na athari yao kwa yaliyosemwa.
3. Achunguze majina na vitenzi. *Waliachiliwa, walikombolewa, walipewa uhuru* ni tofauti na *walitoroka, walijikomboa, walidai*.
4. Ataje jambo moja ambalo kazi imelinyamazia, na athibitishe kwa ushahidi.

Tuseme swali ni: "Mbotela ni kibaraka wa wakoloni. Jadili." Jibu dhaifu litaorodhesha sifa wanazopewa Waingereza na kumalizia kwamba ni kweli. Jibu bora litakubali kwamba sifa hizo zimo, lieleze mazingira ya uchapishaji, kisha lionyeshe kwamba uamuzi wa kusimulia asili ya utumwa kwa Kiswahili ulikwenda kinyume na aibu ya jamii ya wakati huo. Mtahini huthamini hoja zenye pande mbili zilizothibitishwa.

Wanafunzi wakienda nyanjani kukusanya fasihi simulizi, wawe na adabu. Wasimwulize mzee, "Je, ninyi ni wa asili ya watumwa?" Waulize kuhusu jina la mtaa, kisima, ngoma au safari ya wazee wake, kisha wasikilize. Wakiambiwa jambo kwa siri, wasiliandike. Watu wengine wangali wakikataliwa posa au kubezwa katika kesi ya shamba kwa sababu ya nasaba.

Hitimisho

Jina Mbotela linajulikana na Wakenya wengi kwa njia nyingine. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki mwaka 2025, alitoka katika ukoo huo wa Freretown, na babu yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Kwa miongo mingi aliliuliza taifa zima redioni swali moja: *Je, Huu ni Uungwana?* Tukikumbuka maana ya kale ya uungwana, swali hilo linapata uzito mpya. Mjukuu wa mtu aliyeambiwa kwamba hakuwa mwungwana ndiye aliyekuja kutufundisha uungwana ni nini.

Mwalimu, siku utakayofundisha tena methali "mwacha mila ni mtumwa", tenga dakika kumi za habari hii. Mtahiniwa, andika upande wa pili wa methali hiyo katika daftari lako.

Maswali ya udurusu

1. "Uungwana ni vitendo." Jadili methali hii kwa kurejelea maana ya kale na ya sasa ya neno *uungwana*. (alama 10)
2. Linganisha msemaji wa *Utendi wa Mwana Kupona* na wa *Uhuru wa Watumwa* kwa kuzingatia tabaka na hadhira. (alama 20)
3. Eleza mchango wa majazi katika kuendeleza maudhui ya *Kasri ya Mwinyi Fuad*. (alama 10)
4. Chagua jina la mahali katika eneo lenu lenye masimulizi zaidi ya moja kuhusu asili yake. Eleza kila simulizi linamnufaisha nani. (alama 20)